Nilimdanganya Mama Nimefaulu, Kompyuta Ikaniumbua!

Wiki hii sina stori ya mapenzi wala ya nguo za kutokea wikiendi. Nina soo langu mwenyewe, tena la ndani ya nyumba, na kabla sijaliandika nimeomba ruhusa kwa mama. Akaniambia, "Andika, ila usinifanye mjinga." Basi naandika. Mjinga katika habari hii ni mmoja tu, na ndiye huyu aliyeshika kalamu.

Wanaonijua wanajua kwamba ukiacha safu hii, ambayo malipo yake ni ya kuungaunga, mimi ni dada wa steshenari huku Mbagala. Natoa kopi, naprinti, nachapa barua za kuomba kazi. Miaka nenda miaka rudi nachapa sifa za watu. Huyu ana digrii, yule ana diploma, mwingine ana vyeti vya semina mpaka vinajaza kurasa mbili. Mimi nina cheti cha kidato cha nne cha mwaka 2018, Divisheni Foo iliyokuwa inachungulia ziro dirishani. Ukichapa sifa za wenzio kila siku, kuna siku unajiuliza: hivi zangu zingejaza hata nusu karatasi?

Ndipo mteja mmoja akaja kuprinti cheti chake. Kizuri, kina nembo ya bluu. Nikamuuliza ni cha nini. Akasema ni cha kuandika programu za kompyuta, lugha inaitwa Python. Nikauliza, "Lazima uwe umefika chuo kikuu?" Akacheka. "Dada, hapa hakuna anayekuuliza umesoma wapi. Wanakuuliza maswali 30 tu."

Bwana wee, usiku ule sikulala!

Nikaanza kupekua. Mtihani wenyewe unaitwa PCEP, unatolewa na Python Institute, na ndio ngazi ya kwanza kabisa. Maswali 30, dakika 40, na ili upite unatakiwa upate asilimia 70. Unaufanyia mtandaoni, kwa Kiingereza. Lugha yenyewe ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1991 na Mholanzi mmoja, Guido van Rossum, na jina hakulitoa kwa chatu kama wanavyodhani wengi. Alilitoa kwa kundi la wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python. Lakini nenda kawaeleze hayo washikaji wa kijiweni kwetu. Mpaka leo nikipita wananiita "Dada Chatu".

Ada ilikuwa dola 59. Kwa hesabu ya Machi 2024 hiyo ilikuwa kama shilingi 150,000. Kwa dada wa steshenari hiyo si ada, ni mahari!

Sasa mama yangu anauza maandazi na chai ya asubuhi, na ndiye kijumbe wa mchezo wa kina mama wa mtaani kwetu. Wako 10, kila mmoja anatoa 20,000 kila baada ya wiki mbili, anayefikiwa na zamu anaondoka na laki mbili taslimu. Mwezi ule zamu ilikuwa ya mama. Hela ilikuwa na kazi yake: bati za banda la kupikia zilikuwa zimetoboka kama chujio, na masika ilikuwa inabisha hodi. Nikamweleza habari ya mtihani. Akanyamaza, akageuza maandazi, akauliza, "Ukifaulu utajua kitu ambacho hukijui sasa?" Nikasema ndiyo. Akafungua khanga, akahesabu laki na sitini na tano. Bati zikasubiri.

Hiyo 15,000 ya juu ilikuwa ya nini? Hapo ndipo ujinga wangu ulipoanzia.

Mtaani kuna mshikaji mmoja, mimi namwita Kaka Desa. Mliopita vyuoni mnajua desa ni nini: majibu yaliyopikwa tayari, kazi yako ni kumeza. Akaniambia, "Sista, utajitesa miezi sita ya nini? Nina maswali yote na majibu yake. Kariri, ingia, toka na cheti." Bei ni 15,000. Nikaona nimelamba dume. Nikapewa kurasa 40, nikajitolea kopi mwenyewe, nikaanza kukariri. Swali la kwanza C. La pili A. La tatu B na D. Nikafika mahali hata nikiota naota herufi. Kompyuta yenyewe sikuandikia hata mstari mmoja wa programu. Nilikuwa najiandaa kuogelea kwa kusoma bango la ufukweni.

Siku ya mtihani, Jumapili, steshenari imefungwa, niko peke yangu. Nikafungua. Swali la kwanza, silijui. La pili, silijui. La tatu nikaliona linafanana na langu, roho ikatulia, kumbe namba zimebadilishwa na majibu yamehamishwa viti. Ile C yangu sasa ilikuwa imekalia uongo mtupu. Dakika 40 zikayeyuka. Matokeo yakaja: asilimia 53.

Nikiwa bado natazama ile namba, simu ikaita. Mama. "Vipi mwanangu?"

Nikajibu, "Nimepita, mama."

Maneno mawili tu! Sikuyapanga, yalitoka yenyewe kama kikohozi. Upande wa pili nikasikia kigelegele. Kabla sijafika nyumbani mtaa mzima ulikuwa na habari. Muuza dagaa ananipa mkono. Fundi viatu ananiita "injinia". Nikajiambia, nitakaa kimya, nitarudia kimyakimya, nani atajua?

Masika ikaja. Aprili ile ya 2024 wakazi wa Dar es Salaam mnaikumbuka, mvua ilikuwa inanyesha kama ina ugomvi na mtu. Saa kumi za alfajiri mama anakaanga maandazi huku sinia kaliinua juu ya karai, mkono mmoja mwiko, mkono mwingine sinia, maji yasidondokee kwenye mafuta. Mimi natoka na mwavuli kwenda kazini, ananiambia, "Nenda injinia wangu, usichelewe." Jamani! Heri angenitukana.

Mwezi wa tano ndipo soo lenyewe likapasuka. Kina mama walikutana nyumbani kupanga mzunguko mpya. Mama kwa kujidai akasema, "Safari hii daftari basi. Mwanangu ana cheti, atatutengenezea programu ya hesabu." Kina mama wakapiga makofi. Ningekataa vipi? Nikachukua laptopu ya bosi, nikakoroga mistari yangu minne niliyoiokoteza huku na kule. Kompyuta iulize kila mtu anatoa shilingi ngapi, halafu izidishe kwa 10, itoe jumla. Mtoto wa darasa la tatu angeifanya kwa vidole.

Wote wamenizunguka. Kompyuta ikauliza kiasi. Mama akaniambia niandike 20000. Nikaandika, nikabonyeza. Jibu lilitakiwa kuwa laki mbili. Ikatoa hivi:

20000200002000020000200002000020000200002000020000

Tarakimu 50, ndugu zangu! Zimejipanga kama behewa za treni ya mizigo.

Kimya. Halafu muuza dagaa akauliza, "Hela zote hizo anazo nani?" Kina mama wakaangua kicheko mpaka chai ikamwagika. Nikajaribu tena, treni ileile. Nikazuga kwamba laptopu ina virusi. Wakanielewa, wakarudi kwenye daftari lao. Ni mtu mmoja tu ambaye hakucheka.

Na mnajua kilichoniuma zaidi? Swali la namna hiyo lilikuwamo kwenye desa, ukurasa wa 12. Jibu lake nilikuwa nalijua kwa moyo: C. Nilijua C. Sikujua kwa nini.

Usiku mama akaja kukaa kitandani kwangu. "Mwanangu, kile cheti kitaonekana lini?" Nikaanza kulia kabla sijajibu, hilo nalo ni jibu. Nikamwambia yote: desa, 53, kikohozi cha kwenye simu. Nikamwambia nitalipa. Hakupiga kelele. Alisema, "Bati nimeshazoea. Uongo sijui nitauzoea vipi." Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mimi sikutoa hela upate karatasi. Karatasi si mnazo kibao huko dukani? Nilitoa hela ujue."

Kesho yake aliwaambia kina mama ukweli. Mimi sikwenda, nilijifungia ndani. Nusu ya mtaa ilininunia, nusu ikaniimbia. Kaka Desa nilipomfuata kudai changu akaniambia eti mimi ndiye sikukariri vizuri!

Nikaanza upya. Safari hii nilianza pale nilipoumbukia. Ile treni ya 20000 ilitokana na nini? Nikatafuta kozi, kumbe ipo ya bure kabisa mtandaoni, ya hao hao wenye mtihani, inaitwa Python Essentials 1. Na shika kifua, msomaji wangu: ukiimaliza na kupata asilimia 70 kwenye jaribio lake la mwisho, unapewa punguzo la nusu ya ada ya mtihani. Nusu! Mimi nililipa bei kamili, nikaongeza 15,000 juu, ili nisisome. Ndiyo maana nikasema mjinga ni mmoja.

Bosi alinikubalia nibaki dukani baada ya kufunga, kwa sharti kwamba luku ninunue mwenyewe. Kila siku saa mbili usiku mpaka saa nne, nikirudi natembea haraka kama naibiwa. Mwanzoni nilitazama skrini mpaka macho yakavimba, mambo hayaingii. Halafu nikagundua dawa, na dawa yenyewe ilikuwa miguuni mwangu: pipa la kopi zilizoharibika. Nikawa nachukua zile karatasi, nageuza upande mweupe, nachora jedwali kwa kalamu. Najifanya mimi ndiye kompyuta. Mstari wa kwanza unasema nini? Naandika. Wa pili umebadilisha nini? Nakata, naandika kipya. Jibu nabashiri kwanza kwenye karatasi, ndipo nabonyeza nione. Tukitofautiana na mashine, silali mpaka nijue nani kakosea. Mara zote nilikuwa mimi.

Kiingereza kilinisumbua, sifichi. Nikatengeneza ujanja: kila kitu nakitafutia cha mtaani kwetu. Kuna amri inaitwa range. Ukiiambia range(1, 5) inakupa 1, 2, 3, 4, basi. Ile 5 haifiki. Nikasema aah, kumbe ni konda wa daladala, anaita Kariakoo, Kariakoo, halafu anakushusha kituo cha kabla! Sijaisahau tena. Orodha zao zinahesabiwa kuanzia sifuri. Nikasema ni ghorofa za mjini: ya chini haina namba, ya kwanza iko juu yake. Kuna lile la orodha moja kupewa majina mawili. Ukibadilisha kwa jina hili, kwa jina lile nako imebadilika. Hilo halikunipa shida. Nyumbani nina jina langu, kijiweni naitwa Dada Chatu. Dada Chatu akivunjika mguu, aliyeko nyumbani atachechemea.

Mengine yalinitoa jasho. 2 ** 3 ** 2 ni ngapi? Hizo nyota mbili ni kipeo. Sisi wote tunaanzia kushoto: 2 kwa kipeo cha 3 ni 8, 8 mara 8 ni 64. Noma! Hapa yenyewe inaanzia kulia: 3 kwa kipeo cha 2 ni 9, halafu 2 kwa kipeo cha 9, jibu 512. Niliandika 64 mara tatu kwa siku tatu tofauti kabla kichwa hakijakubali.

Na treni yangu je? Ilikuwa hivi. Kitu chochote unachokiandika kompyuta inapokuuliza, Python inakipokea kama maandishi, hata kama umeandika namba. Na maandishi ukiyazidisha kwa 10, inayarudia mara kumi, moja nyuma ya lingine. Ilitakiwa kwanza niigeuze iwe namba kwa neno moja dogo, int. Herufi tatu! Herufi tatu ndizo zilizoniumbua mbele ya kina mama 10.

Kufika Agosti nilikuwa nimemaliza kozi, punguzo ninalo mkononi, na kwenye kibubu nina 90,000 ya kuchapachapa vitu vya watu. Ada ya nusu ilikuwa kama 80,000. Nikaikaanga hiyo hela kichwani siku mbili. Siku ya tatu nikaenda kwa fundi, nikanunua bati tatu na misumari. Mama aliporudi sokoni akakuta banda linagongwa nyundo. Akasimama, akauliza, "Na mtihani?" Nikasema, "Utasubiri, kama bati zilivyosubiri." Hakusema kitu, ila siku ile chai yangu ilikuwa na maziwa.

Mtihani nikaufanya Oktoba 2024. Safari hii nilijipanga: betri ya laptopu imejaa, bando kwenye simu tayari, na karatasi za kopi mbovu nimezichanachana zote usiku uliopita, nisije nikajaribiwa kuchungulia. Maswali yenyewe siwezi kuwatajia, kabla ya kuanza unakubali masharti ya kutoyatoboa, kwa hiyo msinipigie simu. Ninachoweza kusema ni kwamba ni sekunde 80 kwa kila swali, na wanapenda kukuwekea mitego kwenye vitu unavyodhani unavijua. Swali la tano mikono ilitetemeka. La kumi ikatulia. Kuanzia la kumi na tano nikawa nachora yale majedwali yangu kichwani kama niko na pipa langu miguuni. Nilimaliza zikiwa zimebaki dakika nne. Kuna mawili nilibahatisha, sifichi.

Asilimia 87.

Sikupiga simu. Nilikiprinti cheti dukani, kwa mashine ileile niliyoprintia vya wenzangu, nikakilipia kama mteja, nikakipeleka nyumbani mkononi. Mama akanawa unga, akakishika kwa ncha za vidole, akakitazama juu mpaka chini. Halafu akanirudishia. "Haya. Sasa itengeneze ile hesabu ya mchezo, niione."

Nikafungua laptopu palepale juu ya ndoo ya unga. Ikauliza, nikaandika 20000. Ikajibu 200000. Mama akasema, "Weka 25,000." Ikajibu 250000. Akasema, "Weka 7,350." Ikajibu 73500. Akahesabu kwa vidole kuhakikisha, maana aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ndipo akapiga kigelegele. Kimoja tu, tena kifupi.

Sasa wale mnaosubiri niwaambie nimepata kazi benki na gari, poleni. Bado niko steshenari. Cheti hiki ni cha kuanzia, hakifungui milango yote, na ngazi inayofuata bei yake inauma zaidi. Ila bosi ananitumia kutengeneza hesabu za duka, kina mama wa mchezo wameachana na daftari, na kabinti ka muuza dagaa, kako kidato cha pili, kanakuja jioni tunachora majedwali pamoja. Juzi kaliniuliza, "Dada, jibu ni ngapi?" Nikakaambia, jibu sikupi. Nipe kwanza sababu.

Wewe kaka, wewe dada unayefikiria mtihani kama huu, sina la kukufundisha zaidi ya hilo. Desa litakupa C. Kuna siku utazungukwa na watu, utaambiwa ufanye, na C haitakusaidia.

Vuli ya mwaka ule mvua ilipiga bati zetu mpya usiku kucha. Alfajiri nikamkuta mama anakaanga, mikono yote miwili iko kazini, sinia limelala mezani. Akaniuliza bila kugeuka, "Hivi siku ile ilitoka namba ndefu vile kwa nini?" Nikamweleza habari ya maandishi na namba. Akageuza maandazi mawili, akafikiri.

"Kumbe iliisoma hela kama jina," akasema. "Sasa jina ukiliita mara kumi utapata nini zaidi ya kelele?"

Tukutane wiki ijayo.